Sheria ya Mkeka wa Shangazi

Mpaka leo mtu akinambia nimeshinda, jambo la kwanza ninalotaka ni kuona karata alizobaki nazo mkononi. Wanangu hunicheka. Tukicheza nyumbani, mmoja wao akishindwa na kutaka kuzirudisha karata zake kwenye fungu, humshika mkono nikamwambia, "Funua." Wao wanadhani ni mzaha wa mama yao. Si mzaha. Niliwahi kushinda karibu mwaka mzima katika nyumba ya shangazi yangu, Malindi ya mjini Unguja, na ushindi ule ulininyima kitu nilichokitaka kuliko vyote wakati ule, nacho ni cheti cha ualimu.

Nilizaliwa Kendwa, wakati Kendwa haijulikani na mtu ila wavuvi na wake zao. Baba alikufa mimi ningali mdogo. Mama alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani, akiyafukua yakishaoza, akiyatwanga na kusokota kamba, na mikono yake ilinuka makumbi hata siku ya Idi. Baada ya Mapinduzi, skuli zilipofunguliwa kwa kila mtoto, nilifaulu kuendelea na masomo mjini, na mama akanipeleka kwa dada wa marehemu baba. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia, "Wifi, nakukabidhi mtoto huyu. Nataka awe mwalimu." Shangazi akanivuta kifuani na kujibu, "Wangu huyu." Niliona ni maneno matamu sana.

Shangazi alikuwa mjane. Mumewe alikuwa mpagazi bandarini, na hawakujaaliwa mtoto. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kuimba akipepeta mchele. Alinipenda, nisimsingizie. Alinisuka kila Ijumaa, alinipigia pasi sare zangu kwa pasi ya makaa, na zilipokuja siku za foleni za mchele, yeye ndiye aliyekwenda kupanga ili mimi nisikose darasa. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nililelewa na jini.

Nilipomaliza skuli nikachaguliwa kuingia chuo cha ualimu, masomo ya miaka miwili, na niliendelea kukaa kwake. Asubuhi nilikwenda chuoni kwa miguu, alasiri nilirudi, nikala, nikaswali, na baada ya hapo mkeka ulitandikwa ukumbini, karibu na dirisha linaloingiza upepo wa bandarini. Ukumbini tulikuwa watatu: mimi, shangazi na jirani yetu wa ukuta mmoja. Mimi nilimwita Bi Jirani. Alikuwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, mwanamke mwembamba wa maneno ya pole, na watoto wake wawili wa kike walikuwa wamekwenda kusoma Bara na hawakurudi tena.

Tulicheza wahedi wa sitini. Kwa asiyeujua, ni hivi. Wanacheza wawili. Mmoja anatupa karata, mwenzake anatupa, na mwenye karata kubwa, au ya turufu, yaani ile aina iliyofunuliwa mwanzo kushinda nyengine, anazila zote mbili. Mwisho kila mtu anahesabu pointi za alizokula, na anayefikia sitini na moja ameshinda. Ree, karata ya moja, ndiyo yenye pointi nyingi kuliko zote. Kwa hiyo ukiona mwenzako ndiye anayekula, unamtupia takataka, karata isiyo na pointi, na ree yako unaikalia mpaka upate nafasi ya kula nayo wewe. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

Mkeka wa shangazi ulikuwa na sheria yake. Mshinde huinuka, akaenda jikoni kuteleka chai, na aliyekuwa akingoja hukaa mahali pake. Hiyo ni sheria ya nyumba nyingi. Lakini kwa shangazi kulikuwa na nyengine juu yake: mshindi haondoki mkekani mpaka afungwe. Akiinuka kabla, amekimbia, na aliyekimbia hupigiwa vigelegele vya kejeli mpaka majirani wa ng'ambo ya ujia wachungulie kuuliza kuna nini. Hiyo ya pili sijaikuta kwengine popote. Wakati ule sikuiuliza, maana aliyelelewa nyumbani kwa mtu hamuulizi sheria zake zimetoka wapi.

Siku hizi nawasikia wazee wakilalamika kwamba watoto wao wa chuo wamezama katika michezo ya kwenye simu na vitabu vimelala. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikuwa na tabu hiyo, kwa sababu nilikuwa mshinde wa kudumu. Nilikaa, nikafungwa, nikainuka. Niliteleka chai ya tangawizi, nikawamiminia wakubwa zangu, halafu nikapanda juu na kitabu. Nilisoma nikiwasikia wanavyotaniana chini, na akili yangu ilikuwa imepumzika. Mtu akiniuliza mchezo na masomo vinapatanaje, nitamwambia: uwe unafungwa haraka.

Mtihani wa mwisho wa mwaka huo nilifanya vizuri sana. Mkuu wa chuo alitusimamisha uani akatwambia kwamba mwaka utakaofuata, wale watakaofaulu vyema watapelekwa Pemba, ambako skuli zilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu. Akanitazama mimi na wenzangu wachache alipokuwa akisema. Nilirudi nyumbani nikikanyaga hewa. Nilivua viatu, nikakaa mkekani na kuwaeleza yote hata kabla ya kula.

"Pemba?" akasema Bi Jirani. "Mimi wangu walikwenda Bara. Walisema miaka miwili tu. Sasa mmoja kashaolewa huko, mume wake hata sura simjui."

Shangazi alikuwa na karata mkononi. Alisema, "Mashaallah." Kisha akauliza turufu ni nini, na turufu ilikuwa imefunuliwa mbele ya magoti yake.

Siku zilezile nikaanza kushinda.

Ushindi wa kwanza naukumbuka kama mtu anavyokumbuka jino lake la kwanza kung'oka. Nilitupa turufu bila matumaini, naye shangazi akashusha ree. Akaguna, akapiga paja. "Sina nyengine, mwanangu," akasema. "Ilikuwa hiyo tu." Nikala. Tulipohesabu, nilikuwa nimepita sitini na moja. Shangazi akainuka akicheka, akaenda jikoni kuteleka chai yeye mwenyewe, na Bi Jirani akakaa mbele yangu. Naye nikamfunga. Kesho yake vilevile.

Nilidhani nimeiva. Nani asingedhani? Nilikuwa msichana wa pwani ya kaskazini niliyefungwa mwaka mzima na wanawake wawili wa mjini, na sasa wanawake wale walikuwa wakiniita bingwa. Shangazi alinisifu mpaka dukani. Alinunua khanga doti moja, akanifunika mabegani mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye anayetutelekesha chai sisi watu wazima." Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nililitia bahari nzima.

Kwa sheria ya mkeka sikuweza kuondoka. Alasiri ikaniishia pale, magharibi ikaniishia pale. Tukiswali tunarudi, karata zinanisubiri. Nilijaribu kupatanisha. Niliweka kitabu cha saikolojia ya watoto chini ya paja, na mshinde akiwa jikoni nilisoma ukurasa mmoja. Kabla sijaumaliza, chai imekuja na karata zimegawiwa. Nilikuwa nikitunga maandalio ya masomo kichwani huku nikihesabu turufu, na vyote viwili vikachanganyika. Tulipopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi aliniuliza andalio langu la somo liko wapi, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wa darasa la tatu na chaki mkononi bila hata kichwa cha habari. Aliniambia nje ya darasa, kwa upole uliouma kuliko ukali, "Mwaka jana sikukuona hivi."

Nilimwambia shangazi. Kweli nilimwambia. Nilisema, "Shangazi, masomo yananikalia vibaya. Nataka kupumzika karata kidogo."

"Haya, pumzika, nani kakukataza?" akasema. "Ufungwe tu, kisha uinuke. Au bingwa anataka kukimbia?"

Na Bi Jirani akaangalia karata zake, akatabasamu kidogo. Nikakaa. Nilikuwa na umri ule ambao mtu yuko tayari kupoteza chochote, ila asiambiwe amekimbia.

Sasa nije kwenye siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, maana siku hiyo ingetosha kunifumbua macho, nami nikazidi kuyafumba. Nilikaa mkekani nimeshaamua kufungwa. Nilitaka nifungwe upesi, niteleke chai, nipande juu nikasome mpaka nilale juu ya kitabu. Nikacheza kama mwehu. Nilitupa ree yangu pale ambapo shangazi alikuwa na kila njia ya kuila. Yeye akaishushia saba ya kopa, karata nyengine nzito, nikala zote mbili.

"Sina nyengine, mwanangu."

Nikatupa turufu zangu ovyo ovyo. Nikala. Nikamtupia mfalme bila sababu. Nikala. Tulipohesabu nikawa nimeshinda. Akaja Bi Jirani, nikafanya upuuzi uleule, nikamshinda na yeye, naye akaangalia pembeni. Nilicheka kwa hasira, nikasema, "Jamani, leo bahati inanifuata kama paka na samaki!" Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikabaki pale hadi wakati wa kulala, na kitabu chini ya paja langu kimepata joto bila kufunuliwa.

Siku ya matokeo tulipangwa uani, mkuu wa chuo akasoma majina ya waliofaulu. Alisoma la mwisho, akakunja karatasi. Jina langu halikuwamo. Mwenzangu aliyekuwa amesimama kando yangu alinishika kiwiko, nami nikakivuta, kwa sababu yeye alikuwa ameitwa.

Nilifika nyumbani, nikakuta shangazi amepika pilau. Pilau ya kuku, na zabibu juu, katika siku zile ambazo kuku alikuwa habari. Alikuwa amepika kabla hajajua matokeo, au ndivyo nilivyodhani. Nilipomwambia, alinikumbatia, akanilaza kichwa mapajani mwake, akanipapasa. "Mwenyezi Mungu hakuandika," akasema. "Basi, mwanangu. Nyumba hii ni yako. Hutokufa na njaa, hutopelekwa popote." Nililia mpaka nikalala palepale. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa shangazi kama huyu.

Mama alikuja wiki ile kutoka Kendwa, na kifurushi cha pweza mkavu. Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, mikono yake ya makumbi imekunjwa mapajani, akanambia, "Nimesikia karata zimekushika." Nikauliza nani kasema. Akajibu, "Nimesikia tu." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Nlikuwa nkisokota kamba nkisema, hii ni ya mwalimu." Akarudi Kendwa siku ileile. Hata chai hakuimaliza.

Niliendelea kukaa kwa shangazi. Nikawa mtu wa nyumbani: foleni, jiko, ufagio. Alasiri mkeka ulitandikwa kama kawaida. Na hapo likatokea jambo nisilolielewa: nikaanza kufungwa. Nilifungwa na shangazi, nikafungwa na Bi Jirani, nikafungwa tena, kama mwaka wa kwanza. Nilidhani huzuni imeniondolea akili. Sikujali. Nilifungwa, nikateleka chai, na kwa kuwa sikuwa tena na kitabu cha kunipandisha juu, nilirudi ukumbini na kukaa nyuma ya shangazi kumwangalia akicheza na Bi Jirani.

Fikirini hilo. Kwa mwaka mzima sikuwahi kukaa nyuma yake. Mshindi yuko mkekani daima, haoni karata za mtu ila zake.

Mchezo wa kwanza niliangalia bila kuangalia. Wa pili nikanyoosha shingo. Shangazi hakuwa akicheza, alikuwa akisoma. Bi Jirani alipokula, shangazi alimtupia nne, alimtupia tano, takataka baada ya takataka, na ree yake akaikalia kama kuku anayeatamia. Turufu zote zilizopita alizijua. Mwishoni, Bi Jirani alipokuwa akisitasita, shangazi alimwambia bila kuinua macho, "Umebaki na saba ya uru na ghulamu wa kopa. Tupa yoyote, zote zangu." Na zilikuwa hizohizo.

Mkono wangu ulikuwa na kikombe cha chai. Nilikiweka chini.

Mtu anayecheza hivi hawezi kumtupia mtu ree kwa kukosa nyengine. Siku moja, labda. Si mwaka mzima. Nikazikumbuka zote: ree ya kopa, ree ya uru, "sina nyengine, mwanangu," paja linapigwa, kicheko, chai inatelekwa kwa furaha. Nikaikumbuka pilau. Nikaukumbuka uso wa mama kitandani.

"Shangazi," nikasema.

"Naam, mwanangu."

"Ulikuwa ukiniachia."

Hakugeuka. Alikuwa akikusanya karata. Bi Jirani alishusha macho na kuanza kujifunga mtandio wake ambao ulikuwa umefungika vizuri tu. Hapo nikajua kwamba na yeye alikuwamo.

"Nlikuwa nkikuachia," shangazi akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekiri kuwa amezidisha chumvi. "Kuna ubaya gani? Hukufurahi?"

"Nlikuwa na mtihani!"

"Ungefaulu, wangekupeleka Pemba." Sasa akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Ungekwenda Pemba, ungeolewa Pemba. Mtazame jirani. Watoto wake wamesoma, wamekwenda. Anao nani? Anazungumza na vitambaa vya dukani. Mimi sina mume, sina mtoto. N'na wewe. Nikukabidhi kwa bahari kwa mikono yangu mwenyewe?"

"Ulimwambia mama kwamba karata zimenishika."

"Si zilikushika?"

Sikuwahi kumpiga mtu mzima, na namshukuru Mungu kwamba mikono yangu ilibaki mapajani. Lakini nilisema. Nilimwambia kwamba kama angenifungia chumbani na kuichoma sare yangu ningemsamehe kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ningejua ninapigana na nani. Nilimwambia ameniibia mara mbili: amechukua cheti changu, na ameuchukua hata ule ushindi mdogo wa karata, ambao ndio kitu pekee nilichokuwa nikijivunia mwaka ule. Hata upumbavu wangu haukuwa wangu, ulikuwa wake. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa khanga niliyojifunika.

Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ushamaliza? Kaa ule."

Nikakaa. Lakini nilikaa mkekani, mbele yake, mahali pa Bi Jirani, ambaye alikwishasogea ukutani.

"Gawa," nikamwambia. "Mchezo mmoja. Ukinifunga, mimi mshinde, ntainuka, niende zangu kwa mama. Nikikufunga wewe, mshindi haondoki, nnabaki. Sheria yako. Lakini shangazi, kwa haki ya baba yangu, leo cheza kweli."

Akachanganya karata, akagawa, akafunua turufu. Ilikuwa shupaza.

Nitasema nilichokitaka, maana siku ile sikukisema. Nilitaka anifunge. Nilitaka anicheze kama alivyomcheza jirani yake, bila huruma, anitajie karata zangu kabla sijazitupa. Angenifunga, ningejua kwamba ameniruhusu kwenda. Na nadhani, ingawa ningeondoka na kijibegi changu, ningerudi kumwamkia kila nilipopata nafasi, ningempigia magoti, ningeinywa chai yake. Nilicheza kwa uwezo wangu wote, na moyo wangu wote ulikuwa upande wake.

Mwanzoni alicheza kweli. Alinila mara ya kwanza, akanila tena, vidole vyake vizito vikitua mkekani bila kusita. Nilipumua. Karata za fungu zikaisha, tukabaki na tatu tatu mkononi, na kwa hesabu yangu bado ilikuwa wazi kwa yeyote. Nikatupa ree ya shupaza. Hiyo ni ree ya turufu, hakuna karata inayoila. Ni mimi tu niliyekuwa nikila, na kila mtu ukumbini alilijua hilo. Karata moja ya takataka kutoka kwake, moja tu, na mchezo ungekuwa wake.

Vidole vyake vikapita juu ya karata ya kwanza, vikapita juu ya pili. Akaishusha ya tatu. Ree ya kopa.

"Sina nyengine, mwanangu," akasema.

Nilinyoosha mkono nikamshika kifundo. Hakupinga. Nikazifunua mbili zilizobaki, nikaziweka mkekani mbele yake: nne ya uru na tano ya kopa. Takataka zote mbili.

"Hata leo?" nikasema.

Sasa ndiyo machozi yakamtoka. "Hata leo," akasema.

Nikainuka. Bi Jirani ukutani aliziba mdomo kwa mtandio. Nilipanda juu, nikatia nguo zangu begini, vitabu vyangu nikavifunga kwa ukambaa aliousokota mama. Ile khanga niliiacha juu ya kitanda imekunjwa. Niliposhuka, shangazi alikuwa bado ameketi palepale, karata zimetapakaa mbele yake.

"Mshindi haondoki, mwanangu," akasema. Sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo.

"Mimi sijashinda, shangazi," nikamjibu. Nikavaa viatu.

Mama alinipokea bila kuuliza. Nilimweleza yote usiku ule, tukiwa tunakula, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akanawa mikono, akasema, "Basi utarudia." Chuo kiliwaruhusu walioanguka kurudia mtihani mara moja. Akanitafutia pa kukaa Mwanakwerekwe kwa binamu yake, zama zile Mwanakwerekwe ni minazi na mihogo na nyumba za kuhesabika, na katika nyumba ile hapakuwa na karata. Nilisoma. Nilifaulu. Jina langu lilisomwa mapema kabisa, na nilimtafuta yule mwenzangu wa mwaka uliopita nimshike kiwiko, lakini yeye alikwishakwenda Pemba.

Tulisubiri kupangiwa. Nilikuwa nimeshanunua sanduku la bati, nikijiandaa kuvuka maji. Walipotugawa, mimi hawakunipeleka Pemba. Walinipeleka Makunduchi, hapahapa Unguja, ambako gari ikiondoka asubuhi inafika mjini kabla ya adhuhuri. Nilifundisha huko miaka mingi. Kila wiki niliipanda gari ile, nikashuka sokoni Darajani, nikanunua mahitaji yangu. Kutoka hapo hadi Malindi ni mwendo wa mtu kumaliza muhogo mmoja wa kuchoma. Angenifunga siku ile, shangazi angenipata kila wiki ya maisha yake.